Siku Arobaini na Mbili: Bima ya Uzazi na Afya ya Akili katika Historia ya Bunia

Tangu enzi za machimbo ya dhahabu hadi sheria za karibuni za bima ya afya kwa wote, gharama za uzazi katika mji wa Bunia, mkoani Ituri, zimepita mikononi mwa walipaji wengi, na kila mlipaji aliacha alama yake juu ya kile kilichohesabiwa kuwa ni matibabu ya mama. Kilichohesabiwa kilikuwa karibu kila mara mwili: damu iliyopotea, mshono wa upasuaji, uzito wa mtoto mizanini. Afya ya akili ya mjamzito, na ya mwanamke aliyetoka kujifungua, haikukataliwa waziwazi na mlipaji yeyote; ilikosa tu mstari wake katika daftari la malipo, na huduma isiyo na mstari haipangiwi bei, na isiyopangiwa bei haipati mhudumu wa kuitoa. Katika mtaa kama Saio, ambao jina lake linakumbusha mapigano ya mwaka 1941 ambamo askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Ubelgiji, waliwashinda Waitalia huko Ethiopia, matokeo ya upungufu huo yamebebwa na kaya zenyewe kwa vizazi kadhaa.

Maradhi yanayozungumziwa hapa ni ya namna mbalimbali, na ni vyema yatenganishwe mapema, kwa sababu historia ya malipo haikuyatendea kwa usawa. Kwanza kuna sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki nyingi na inayomwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula na uwezo wa kumshughulikia mtoto. Pamoja nayo huja wasiwasi uliopita kiasi, ambao katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo huelezwa kwa kawaida kuwa ni mawazo mengi. Kisha kuna kichaa cha uzazi, ugonjwa wa nadra lakini wa ghafla, unaomfanya mama asikie sauti, achanganyikiwe na pengine ahatarishe uhai wake au wa kichanga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake wapatao asilimia 15.6 huugua maradhi ya akili, hasa sonona, wakati wa ujauzito, na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Kichaa cha uzazi huonekana na kila mtu, kwa hiyo mara nyingi kilipata tiba ya aina fulani, iwe ya hospitali, ya kanisa au ya mganga. Sonona huonekana kwa shida, na ndiyo iliyoachwa nyuma zaidi.

Mlipaji wa kwanza mwenye sura ya kitaasisi katika Ituri alikuwa mwajiri. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, shughuli za uchimbaji za Kilo na Moto zikawa chini ya usimamizi wa koloni, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo nguvu kuu ya uchumi wa eneo zima linaloizunguka Bunia. Agizo la kifalme la tarehe 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi lilimlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi wa Kiafrika makazi, chakula na matibabu, na kwa wajibu huo zahanati na hospitali za kambi zikawa sehemu ya gharama ya kuzalisha dhahabu kama zilivyokuwa mashine na baruti. Haikuwa bima kwa maana kamili, kwa sababu bima ni mpango ambamo watu wengi huchangia kidogokidogo kabla ya madhara kutokea ili mchango wa wote umfidie yule atakayepatwa. Huu ulikuwa wajibu wa bwana kwa mtumishi, uliokoma siku mkataba ulipokoma. Lakini ulifanya kazi ya bima kwa wachache walioupata, na ulijenga mazoea ambayo Kongo haijayaacha hadi leo, yaani kudhani kwamba matibabu ni jambo linaloshikamana na ajira.

Uzazi uliingia katika hesabu hizo kwa mlango wa nguvukazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watawala wa Kibelgiji waliingiwa na hofu ya kupungua kwa watu, hofu iliyoyapa makampuni makubwa sababu ya kujenga wodi za wazazi na kuwahimiza wafanyakazi waishi kambini pamoja na wake zao. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Union Minière ya Katanga, ambayo kuanzia miaka ya 1920 iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi na kulea familia ndani ya kambi zake. Katika mantiki hiyo mke wa mfanyakazi alistahili mkunga kwa kuwa angemzaa mfanyakazi wa kesho, na mafanikio yalipimwa kwa idadi ya watoto waliozaliwa hai na walioachishwa ziwa salama. Mwanamke aliyejifungua salama na kisha akanyamaza kwa miezi mitatu hakupunguza idadi hiyo, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kihesabu ya kumtazama. Haifai kuwalaumu madaktari wa kambi kwa kutoujua ugonjwa ambao hata Ulaya ya wakati ule iliuzungumzia kwa nadra nje ya hospitali za wendawazimu. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba mfumo wa malipo ulirithiwa ukiwa na umbo hilo.

Uhuru ulileta hifadhi ya jamii ya kitaifa bila kulibadilisha umbo lenyewe. Agizo la tarehe 29 Juni 1961 liliunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa INSS, ikiwa na matawi matatu: ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, pensheni, na posho za familia. Bima ya magonjwa ya kawaida haikuwamo. Matibabu yaliachwa mikononi mwa mwajiri kama zamani, na Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyathibitisha hayo kwa kumtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake, huku ikimpa mfanyakazi mjamzito likizo ya wiki 14 yenye theluthi mbili ya mshahara, ambapo wiki 8 kati yake, kwa kiwango cha juu, huja baada ya kujifungua. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016, ambayo baada yake INSS iligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, CNSS, iliongeza posho za ujauzito na za uzazi katika tawi la familia. Yote hayo ni maendeleo yasiyo madogo, lakini yanamhusu mwanamke mwenye mkataba wa kazi, au mke wa mwenye mkataba, na katika mitaa ya Bunia ambako riziki nyingi hutoka kwenye meza ya sokoni, cherehani, pikipiki ya abiria na shamba lililo nje ya mji, mwanamke wa namna hiyo ni mmoja katika wengi. Hata machimbo yenyewe yalikuwa yameshabadilika: kampuni ya serikali ya OKIMO, iliyorithi machimbo ya Kilo-Moto mwaka 1966, ilidhoofika, na dhahabu ikachimbwa zaidi na wachimbaji wadogo wasio na mwajiri wa kudaiwa matibabu.

Kwa wasio na mwajiri, mlipaji alikuwa mgonjwa mwenyewe. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 Zaire iligawanywa katika zoni za afya, kila zoni ikiwa na hospitali moja ya rufaa na vituo kadhaa vya afya vinavyoihudumia jamii ya karibu, mpangilio ambao wataalamu wengi waliusifu na ambao ungalipo. Lakini bajeti ya serikali ilipokauka katika miaka ya 1980 na 1990, vituo hivyo vilijiendesha kwa ada za wagonjwa, na mishahara ya wauguzi ikategemea wingi wa watu waliokata fishi, yaani kadi ya matibabu inayolipiwa mlangoni. Jambo hili lina uzito wake kwa somo letu. Kituo kinachoishi kwa ada huuza kile ambacho mgonjwa yuko tayari kukinunua, na watu huwa tayari kununua sindano, dawa, kipimo cha malaria na kitanda cha kujifungulia. Mazungumzo ya saa nzima na mama asiyelala usiku hayauziki kwa urahisi, hata pale ambapo muuguzi angejua namna ya kuyafanya. Ndivyo tiba ya maneno, ambayo kwa sonona nyepesi na ya wastani ndiyo inayopendekezwa kwanza, ilivyokosa soko kabla hata haijapata walimu.

Ada hizo zilizaa desturi nyingine iliyoenea Kongo nzima na inayoigusa akili ya mzazi moja kwa moja, nayo ni kumzuilia mama hospitalini hadi ndugu zake wamalize deni. Watafiti wameichunguza katika hospitali ya mkoa huko Lubumbashi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, na wengine wameieleza katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mama aliyepasuliwa, ambaye bili yake ni kubwa kuliko ya aliyejifungua kwa njia ya kawaida, hubaki wodini siku au wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa kitabibu, akitegemea chakula cha kuletewa, akijua kwamba nyumbani wanauza mbuzi au wanakopa kwa ajili yake. Ni vigumu kubuni mazingira yanayoikaribisha sonona vizuri zaidi ya hayo, na hapa upungufu wa bima haukumnyima mwanamke tiba tu. Ulikuwa wenyewe sehemu ya kinachomuuguza.

Chombo kinachotumika leo duniani kote kuitambua sonona ya mzazi kina mizizi ng'ambo ya Ziwa Albert, si mbali na Ituri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa akili Mwingereza John Cox, aliyekuwa akifundisha Makerere, alifanya utafiti miongoni mwa wanawake wajawazito waliohudhuria kituo cha afya cha Kasangati, kaskazini mwa Kampala, akiwahoji wanawake 263 na kuwalinganisha na wengine wasio wajawazito. Wakati ule lilikuwapo wazo, lililoaminika sana miongoni mwa wasomi wa Ulaya, kwamba mwanamke wa Kiafrika akizungukwa na shangazi, wifi na mama mkwe hawezi kuugua sonona baada ya kujifungua. Cox alipowafuatilia baadhi ya wanawake hao baada ya kujifungua aliona kwamba takriban mmoja kati ya kumi alikuwa ameugua, kiwango kisicho mbali na kile alichokuja kukiona baadaye huko Scotland. Aliandika pia juu ya amakiro, ugonjwa wa mzazi unaojulikana kwa Waganda, ambao huelezwa kuwa unatokana na uzinzi wa mmoja wa wazazi wakati wa ujauzito, na ambao dalili zake za kutisha zinafanana kwa kiasi na kichaa cha uzazi kinachoandikwa katika vitabu vya tiba.

Mambo mawili katika utafiti huo yanastahili kukaliwa. La kwanza ni kwamba jamii za ukanda huu hazikuwa gizani kuhusu ugonjwa wa akili wa uzazi; zilikuwa na jina lake, sababu zake na dawa zake, na sababu yenyewe ilimtia mama au mumewe hatiani, jambo lililofanya ugonjwa uwe siri ya ukoo. Ugonjwa ulio siri haukatiwi bima, kwa kuwa bima humtaka mtu atangaze madhara yake mbele ya wachangiaji wenzake ili afidiwe. La pili ni la kiufundi. Cox aliporudi Scotland alishirikiana na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky kuandaa Kipimo cha Edinburgh cha Sonona Baada ya Kujifungua, kilichochapishwa mwaka 1987, chenye maswali 10 juu ya hali ya mama katika siku 7 zilizopita na alama zinazofikia 30. Maswali hayo hayaulizi juu ya uchovu wa mwili na maumivu ambayo kila mzazi anayo. Yanauliza kama mama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Kwa mlipaji, umuhimu wa karatasi hiyo moja ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa: kwa mara ya kwanza huzuni ya mzazi ilipata namba, na kitu chenye namba kinaweza kuwekwa kwenye mkataba.

Bunia haikufikiwa na karatasi hiyo kwa njia ya kliniki za uzazi. Ilifikiwa na tiba ya akili kwa njia ya vita. Mapigano yaliyoanza mwaka 1999 katika Ituri, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa Wahema na Walendu ingawa yaliingiliwa na majeshi ya nchi jirani na tamaa ya dhahabu, yaliangamiza kwanza kile kidogo kilichokuwapo. Tarehe 5 Septemba 2002 ilishambuliwa Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, palipokuwa na kituo cha tiba cha madhehebu ya Kiprotestanti kilichojengwa katika miaka ya 1960 na kuwa mojawapo ya hospitali bora za mashariki ya Kongo na shule ya wauguzi wa eneo zima. Watu wanaokadiriwa kuzidi 1,000 waliuawa, wagonjwa wakiwa miongoni mwao, na watumishi walionusurika walikimbilia Oicha, Beni na kwingineko. Mwaka uliofuata, Bunia ilipogeuka uwanja wa vita na kikosi cha Umoja wa Ulaya cha Operesheni Artemis kikaingia mwezi Juni, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali iliyojulikana kwa jina la Bon Marché, ambako matibabu yalikuwa bure na ambako waliotendewa ukatili wa kingono, wengi mno, walipokewa na kuhudumiwa mwili na nafsi.

Hapo ndipo msaada wa kisaikolojia ulipopata mlipaji katika mji huu kwa mara ya kwanza, na mlipaji huyo alikuwa mfadhili wa nje. Matokeo yake yalikuwa ya kweli. Katika Kivu, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba tiba ya kuzichambua fikra katika vikundi, iliyotolewa na wasaidizi wa kijamii wasio madaktari kwa wanawake 157 walionusurika ubakaji, ilipunguza sonona na hofu kwa kiasi kikubwa kuliko msaada wa mtu mmojammoja walioupata wengine 248. Hoja kwamba tiba ya akili ni anasa inayohitaji daktari bingwa iliondoka hapo. Bunia kwenyewe, uchunguzi wa wasichana 1,305 wa shule za sekondari, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa wamepitia ukatili wa kingono, na kwamba kunyanyapaliwa pamoja na taabu za kila siku vilichangia maumivu yao ya akili sambamba na tendo lenyewe.

Lakini fedha za dharura humlipia mtu kwa sababu ya kundi alilomo. Mwanamke aliyebeba mimba ya ubakaji aliweza kupata mshauri, dawa na ufuatiliaji. Jirani yake wa mtaa wa Saio au wa Mudzipela, aliyezaa katika ndoa yake, akapoteza usingizi na hamu ya kuishi, hakuwa na kundi la kumwingiza mlangoni. Hata yule wa kwanza, ili ahudumiwe, alipaswa kupita kwenye mlango ambao mtaa mzima uliujua ni wa nani, na wapo waliochagua kukosa tiba kuliko kuonekana wakiingia. Mantiki hiyohiyo ilirudi katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambapo timu za wanasaikolojia zilifanya kazi kubwa Kivu Kaskazini na Ituri, na ikarudi tena kwa wakimbizi wa eneo la Djugu waliojaa Bunia baada ya mapigano ya Desemba 2017 na ambao wengi wao wameishi katika kambi ya Kigonze. Wanasaikolojia walikuja na dharura na kwa sehemu kubwa waliondoka nayo, kwa kuwa mshahara wao haukuwahi kuhamia kwenye fungu la kudumu.

Palikuwapo njia nyingine, ya bima iliyochangiwa na wananchi wenyewe, ambayo Kongo iliwahi kuwa kinara wake. Mwaka 1986, huko Bwamanda katika mkoa wa Équateur wa wakati ule, ulianzishwa mfuko wa afya wa kusaidiana, ule unaoitwa mutueli, ambao wanachama wake walichangia mara moja kwa mwaka, katika majira ya kuuza mazao kama kahawa ambapo fedha zinapatikana, na kwa mchango huo wakalipa sehemu ya tano tu ya bili ya kulazwa hospitalini. Katika msimu wa kwanza peke yake zaidi ya robo ya wakazi wa zoni walijiunga, na Bwamanda ikawa mfano unaofundishwa duniani. Rwanda, iliyoanza majaribio ya mifuko ya namna hiyo mwaka 1999, ilikwenda mbali zaidi kwa kuieneza nchi nzima chini ya mkono wa serikali, na kwa kuingiza huduma za akili katika hospitali za wilaya zinazolipwa na mfuko huo.

Mutueli ndogo isiyo na serikali nyuma yake hujikuta ikimwogopa mjamzito kwa sababu zinazoeleweka. Bima hupenda madhara yasiyotabirika, na mimba inatabirika: mwanamke anaweza kujiunga mwezi wa tano wa ujauzito, akajifungua kwa upasuaji mwezi wa tisa, na asilipe tena mwaka unaofuata. Ili kujikinga, mifuko mingi huweka kipindi cha kungoja, yaani miezi kadhaa ya kuchangia kabla ya haki kuanza, na hutaka familia nzima iandikishwe kwa pamoja. Ugonjwa wa akili huleta hofu ya pili, ya ugonjwa usio na mwisho unaojulikana, ambao mwenye mfuko hawezi kuukadiria wala kuuthibitisha kwa picha ya eksirei. Kuziweka hofu hizo mbili juu ya mwanamke mmoja kulitosha kumwacha nje, bila yeyote kukusudia mabaya.

Mpango wa ukubwa mdogo zaidi unaofanya kazi ya bima katika mitaa ya Bunia ni ule wa vikundi vya akina mama. Likirimba, ambamo wanachama huchanga na kumpa mmoja fungu lote kwa zamu, ni ya zamani. AVEC, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ilienea mashariki ya Kongo ikifuata mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991. Kikundi cha AVEC huwa na wanachama kati ya 15 na 30, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, ili lisifunguliwe isipokuwa mkutanoni mbele ya wote. Hisa hugongwa mihuri katika kijitabu cha kila mmoja. Pembeni, katika mfuko wake wa peke yake, hukusanywa mchango mdogo ulio sawa kwa wote unaoitwa akiba ya kijamii, na huo hautolewi kwa mkopo: ni msaada wa moja kwa moja kwa mwanachama aliyefiwa, aliyelazwa au aliyejifungua. Kanuni za kikundi hutaja kiasi cha kila tukio, na tukio lazima lijulikane, kwa msiba, kwa mtoto, au kwa risiti ya hospitali. Huzuni haitoi risiti. Hata hivyo, na hili mara nyingi husahauliwa na wanaohesabu fedha tu, mama asiyefika mkutanoni wiki mbili mfululizo hufuatwa nyumbani na wenzake, kwanza kwa sababu ya deni lake, na kwa kufuatwa huko hali yake hugunduliwa mapema kuliko katika kituo chochote cha afya.

Sheria zilizofuata zilijenga paa la kitaifa kwa kasi isiyo ya kawaida. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka misingi ya mutueli. Ile ya tarehe 13 Desemba 2018 ilipanga upya afya ya umma, ikarekebishwa Machi 2023 ili kuupokea mpango wa afya kwa wote. Mwaka 2022 ukaundwa Mfuko wa Mshikamano wa Afya, ambao kazi yake ni kununua huduma kutoka vituoni kwa niaba ya wananchi. Na tarehe 5 Septemba 2023 ikazinduliwa Kinshasa huduma ya bure ya uzazi na ya watoto wachanga, iliyokusudiwa kusogea mikoani kwa awamu. Mpango huo unamlipia mama kliniki za ujauzito, kujifungua kwa kawaida au kwa upasuaji na huduma za baada ya kujifungua, na unamlipia mtoto hadi siku yake ya 28. Kwa mwanamke ambaye bili ya upasuaji ingemfunga wodini, ni hatua ambayo hakuna mpango uliotangulia nchini humo ulioifikia.

Kalenda ya mpango, hata hivyo, ni kalenda ya mwili. Tiba ya uzazi huhesabu siku 42, yaani wiki 6, kuwa ndizo muda wa mfuko wa uzazi kurudi hali yake, na mipango mingi ya malipo duniani ilisimama hapo au karibu na hapo. Sonona ya mzazi hujitokeza pengine mwezi wa pili, wa tatu, hata wa sita. Nchi tajiri zilifanya kosa hilohilo. Marekani, ambako sheria ya mwaka 2008 iliyakataza makampuni ya bima kuyawekea magonjwa ya akili masharti magumu kuliko ya mwili, iliendelea kwa miaka mingi kuwakatia wanawake wengi maskini bima ya serikali ya Medicaid siku 60 baada ya kujifungua, na ni sheria ya mwaka 2021 iliyoyaruhusu majimbo kuurefusha muda huo hadi miezi 12. Nchi za Afrika Mashariki nazo hazikutangulia sana: mpango wa Linda Mama wa Kenya, uliokuwa chini ya mfuko wa bima wa NHIF tangu mwaka 2016 hadi mamlaka mpya ya bima ilipoanza kazi mwaka 2024, ulijengwa kwa mfuatano uleule wa kliniki, kujifungua na wiki chache za baadaye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuziingiza huduma za akili ndani ya huduma za kawaida za mama na mtoto, badala ya kuzijengea mlango wake.

Katika Ituri mlango wa kawaida unajulikana, nao ni wa chanjo. Mama aliyefikia siku 42, na ambaye mlipaji hamtambui tena, hurudi kituoni na mtoto wake katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa chanjo ya surua na ya homa ya manjano, na katikati ya hapo huja kumpima mtoto uzito. Ni mfuatano unaoangukia hasa katika miezi ambayo sonona huonekana. Dawa si kikwazo kikubwa, kwa kuwa amitriptilini na fluoksetini ni za bei ndogo na zimo katika orodha za dawa muhimu, na Bunia ina bohari yake ya mkoa, CADIMEBU, inayosambaza dawa za aina hiyo. Kilicho ghali ni muda wa muuguzi: dakika za kumuuliza mama maswali 10 wakati foleni ni ndefu, na saa kadhaa za kumrudia yule aliyejibu vibaya. Pale ambapo vituo vya Kongo vimelipwa kulingana na matokeo, malipo yamefuata idadi ya chanjo, ya kliniki na ya waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu, na muuguzi huelekeza muda wake kule malipo yanakoelekea. Mfuko wa Mshikamano wa Afya, ukiwa ndio mnunuzi, ndio wenye uwezo wa kuandika katika mikataba yake na vituo kwamba mama ataulizwa siku za chanjo hadi mwezi wa 9, na kwamba saa za kumrudia zitalipwa kama inavyolipwa huduma nyingine yoyote ya uzazi.